Klabu yetu ya Estonia ilizaliwa lini hasa?

"Mimi ni Mtanzania, nasoma shahada ya uzamili Tartu. Huu ni mwaka wa pili naichezea klabu ndogo ya mji jirani, kwenye II liiga. Wachezaji tunalipa ada, kocha wetu ni fundi umeme, na kwa kuwa najua kupiga picha nimekabidhiwa kurasa za klabu mtandaoni. Sasa viongozi wanataka niandike historia ya klabu kwa ajili ya sherehe. Nembo inasema 1921. Rekodi za ligi zinaanza 1993. Daftari la serikali linaonyesha tuliandikishwa 1998. Katikati kuna timu ya kiwanda ambayo baadhi ya wazee wanasema ndiyo sisi, na wengine hawataki hata kuisikia. Halafu kuna msimu tulimaliza wa tatu tukapanda daraja, ilhali wa kwanza na wa pili walibaki palepale. Je, nembo inadanganya? Niandike mwaka gani? Sitaki kuwaaibisha watu walionipokea vizuri, wala sitaki kuandika uongo."

Ndugu yangu, nianze na hofu yako, maana nimeisikia kabla ya swali lenyewe. Umepokewa ugenini, umepewa jezi na kazi ya heshima, na ulipofungua makaratasi ukakuta tarehe tatu ambazo hazisalimiani. Unajiona kama uliyechungulia chumba cha ndani cha mwenyeji. Tulia. Klabu yenye tarehe tatu ni jambo la kawaida kabisa Estonia, na wazee wako wanalijua kuliko wewe. Huenda ndiyo sababu kazi hii imeangukia mikononi mwa mgeni.

Kinachokusumbua ni kwamba unaifikiria klabu kama mtu, ambaye ana siku moja ya kuzaliwa na cheti kimoja. Sisi tumezoea klabu kubadili jina na kuendelea na maisha. Simba iliitwa Sunderland hadi 1971 na hakuna anayesema ilizaliwa mwaka huo. Lakini Simba haikuwahi kuvunjwa na dola la kigeni, ikakaa nusu karne haipo, kisha wajukuu wakaja kuiokota. Hapo ndipo uzoefu wa nyumbani unapofika mwisho, na inabidi tuifuate Estonia yenyewe.

Mpira uliingia huko nchi ikiwa bado chini ya Dola ya Urusi. Kalev ya Tallinn ilianza soka 1911, Tulevik ya Viljandi 1912. Uhuru ulitangazwa 1918, na tarehe 14 Desemba 1921 kikaundwa chama cha soka, Eesti Jalgpalli Liit. Ubingwa wa kwanza ulichezwa mwaka huohuo, ukachukuliwa na klabu ya Tallinn iliyoitwa Sport. Mwaka 1923 wakaingia FIFA, na 1924 timu ya taifa ikaenda Olimpiki ya Paris, ikafungwa 1–0 na Marekani, ikarudi nyumbani. Kwa hiyo 1921 iliyo kwenye nembo yenu ina mantiki: ni mwaka ambao soka ya nchi ilipata ubingwa wake wa kwanza na chama chake.

Hata hivyo kuna mtego. Wakati ule mara nyingi hakikuanzishwa "klabu ya mpira". Kilianzishwa chama cha michezo cha mji, na ndani yake mkawa na riadha, mieleka, michezo ya theluji, kisha mpira kama idara mojawapo. Inawezekana 1921 ni mwaka wa chama, na idara ya mpira ikaja baadaye. Inawezekana pia ni kinyume chake, vijana walicheza kwanza na chama kikawafuata. Kabla hujaandika "klabu yetu ilianzishwa 1921", jua kipi kilianzishwa.

Tartu unakoishi ndiyo iliyotoa bingwa wa mwisho wa enzi ile: Olümpia, msimu wa 1939–40, klabu ya kwanza kutoka nje ya Tallinn kuchukua ubingwa. Furaha haikudumu. Juni 1940 majeshi ya Kisovieti yaliingia. Timu ya taifa ilicheza mara ya mwisho tarehe 18 Julai 1940, ikaifunga Latvia 2–1 mjini Tallinn, askari wa kigeni wakiwa tayari barabarani. Baada ya hapo vyama vya hiari vya michezo vikavunjwa. Ndipo uzi wenu wa 1921 ulipokatwa, na haukukatwa na wazee wenu.

Chini ya Sovieti hukuweza kukusanya marafiki ukasajili klabu. Timu ilipaswa kuwa mali ya mtu mkubwa: kiwanda, jeshi, au jumuiya ya michezo inayotambuliwa na serikali. Dünamo ilikuwa jumuiya ya vyombo vya usalama. Norma ilikuwa timu ya kiwanda cha Tallinn. TVMK, iliyotwaa ubingwa wa Estonia ya Kisovieti 1990 na 1991, ni herufi za mwanzo za kiwanda cha plaiwudi na samani. Kiwanda kilitoa basi, jezi, viatu na ruhusa ya kutoka kazini mapema siku ya mazoezi. Ukisikia wazee wakisema "timu ya kiwanda", wanazungumzia kitu kama hicho.

Na kwa nini wengine hawataki kuisikia? Viwanda vikubwa vilileta wafanyakazi kutoka Urusi na jamhuri nyingine, na kadiri miaka ilivyokwenda soka ikaonekana kuwa mchezo wa Warusi. Mwestonia wa miaka ya 1970 alimpeleka mwanawe kwenye mpira wa kikapu. Flora, iliyoanzishwa na Aivar Pohlak mwaka 1990, ilijengwa kwa nia ya wazi ya kuurudisha mpira kwa vijana wa Kiestonia. Ukijua hilo utaelewa kuwa mzee anayegeuza uso unapotaja kiwanda habishani nawe kuhusu tarehe. Anabishana na maisha yake mwenyewe.

Mimi naona kuiruka timu ya kiwanda ni kosa, na nitakuambia kwa nini. Katika miji midogo ndiyo iliyofyeka uwanja kila kiangazi kwa miaka arobaini. Bila yake huenda pale mnapochezea pangejengwa maghala. Lakini usinifuate mimi, fuata majina. Tafuta orodha ya wachezaji wa kiwanda ya mwishoni mwa miaka ya 1980, iweke kando ya orodha ya 1993. Majina saba au manane yakijirudia, na uwanja ukiwa uleule, basi mna mwendelezo wa watu, hata kama hakuna karatasi inayosema hivyo. Yakijirudia mawili, kiwanda ni jirani aliyetangulia kukaa kwenye kiwanja hicho, naye anastahili aya yake bila kuitwa babu.

Sasa tarehe mbili za mwisho, ambazo ni nyepesi. Uhuru ulirudi Agosti 1991, ligi mpya ya taifa ikachezwa 1992, na bingwa wake wa kwanza akawa Norma, ile ya kiwanda. Miji midogo iliingia kwenye madaraja ya chini mmoja mmoja katika miaka hiyo, na 1993 yenu inaangukia hapohapo. Kuhusu 1998: klabu nyingi za Estonia ni MTÜ, yaani shirika lisilo la faida, na sheria ya mashirika hayo ni ya 1996. Tarehe unayoiona kwenye daftari ni ya kuzaliwa kwa shirika hilo kisheria, lile linaloweza kufungua akaunti benki na kusaini mkataba wa uwanja na halmashauri. Haina habari na nani alipiga mpira wapi kabla ya hapo.

Nikupe mfano wa klabu iliyopita njia hiyohiyo ikafika mbali. Nõmme ulikuwa mji unaojitegemea hadi 1940, ulipomezwa na Tallinn. Ulikuwa na timu yake, Kalju, maana yake mwamba, ya tangu 1923. Timu hiyo nayo ikafa. Mwaka 1997 wenyeji wakaianzisha upya, ikapanda taratibu kutoka madaraja ya chini, ikaingia Meistriliiga, yaani ligi kuu, 2008, ikawa bingwa 2012, na kiangazi cha 2013 ikaitoa HJK ya Helsinki katika hatua za mchujo za Ligi ya Mabingwa Ulaya. Kalju hujihesabu tangu 1923. Haifichi 1997. Hakuna anayeicheka.

Swali lako la kupanda daraja mkiwa wa tatu ndilo lililonifurahisha, kwa sababu inaelekea ulidhani kuna mkono wa mtu. Estonia ina watu milioni moja na laki tatu na ushei, na klabu kubwa hupeleka timu zao za akiba kwenye ligi ileile ya watu wazima badala ya kuwa na ligi ya akiba. Ndiyo maana kwenye misimamo unaona Flora II, Levadia II, au siku hizi Flora U21 na kadhalika. Timu ya akiba hairuhusiwi kucheza daraja moja na timu yake kuu, hivyo inaweza kuongoza Esiliiga, daraja la pili, mwaka mzima na isipande. Zikiwa mbili juu yenu, nafasi inawashukia ninyi wa tatu. Angalia kama majina ya hao wawili yana namba ya Kirumi au U21 mwishoni. Yakiwa nayo, andika kwamba mlipanda kwa haki yenu na usiweke alama ya mshangao.

Ukiwa hapo kwenye misimamo, kuna mambo mawili yatakayokuchanganya. La kwanza ni jina la ligi yenu. II liiga, kwa maana ya neno, ni ligi ya pili, lakini leo ni daraja la nne, kwa kuwa juu yake zipo Meistriliiga, Esiliiga na Esiliiga B. Esiliiga B iliundwa 2013. Kabla ya hapo II liiga ilikuwa daraja la tatu. Kama klabu yenu ilikuwa II liiga 2012 na ikabaki II liiga 2013, haikushushwa na mtu. Ghorofa iliongezwa juu ya kichwa chake. Nimeona historia za klabu ndogo zikiomboleza "anguko la 2013" ambalo halikutokea uwanjani.

La pili ni kalenda. Kwa sasa msimu unaanza Machi na kumalizika Novemba, kwa sababu ambayo wewe uliyepitisha Januari huko huhitaji kuelezwa. Haikuwa hivyo siku zote. Mwishoni mwa miaka ya 1930, na tena baada ya msimu wa 1992, walijaribu kuanza vuli na kumaliza masika yanayofuata. Mwaka 1998 wakarudi kwenye kalenda ya kiangazi, na ili kuziba pengo wakacheza msimu mfupi wa ziada. Matokeo yake Flora ilichukua ubingwa wa 1997–98 na ubingwa wa 1998, miwili tofauti. Mara ya kwanza nilipoona jedwali hilo nilikata mstari mmoja nikidhani ni kosa la uchapaji. Usirudie ujinga wangu: klabu yenu pia inaweza kuwa na misimu miwili ndani ya mwaka huo.

Na usifute vichapo. Kombe la Estonia, lililopewa jina la golikipa wa zamani Evald Tipner, liko wazi hadi kwa timu za mtaani. Mwaka 2015 Virtsu, timu ya kijiji cha bandarini panapopandiwa kivuko cha kwenda visiwani, ilipangiwa Infonet ya Tallinn ikafungwa 36–0. Thelathini na sita. Mwaka uliofuata Infonet ikawa bingwa wa nchi, na baada ya msimu wa 2017 ikaungana na Levadia, jina lake likapotea kwenye ligi kuu. Virtsu hadi leo ina hadithi ya kusimulia wageni wanaosubiri kivuko. Kama ninyi mna 14–0 yenu mahali fulani, iweke.

Namna ya kutafuta. Magazeti ya zamani ya Estonia yamewekwa kwenye mtandao wa DIGAR wa Maktaba ya Taifa, na unaweza kuyasoma ukiwa kitandani. Ila ukiandika jina la mji na la klabu jinsi yalivyo leo, utaambulia kidogo. Magazeti ya Kijerumani yaliita Tartu Dorpat, Viljandi Fellin, Tallinn Reval. Kuressaare, mji wa kisiwa cha Saaremaa, uliitwa Kingissepa tangu 1952 hadi 1988, kwa hiyo mtu anayetafuta "Kuressaare" katika magazeti ya 1965 anaweza kudhani kisiwa hakikuwa na mpira. Tena Kiestonia hubadilisha maneno mwishoni. Sisi tunabadilisha kichwa cha neno, wao mkia: Tulevik ikimiliki kitu inakuwa Tuleviku, aliye Viljandi yuko Viljandis, aliyetoka huko katoka Viljandist. Tafuta shina la neno na uache mkia wazi. Na tarehe yoyote ya kabla ya Februari 1918 ichunguze mara mbili, maana Dola ya Urusi ilitumia kalenda iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Klabu iliyoanzishwa mwishoni mwa Desemba 1911 kwa kalenda ile ni ya Januari 1912 kwa yetu, na watu wameshagombana kwa hilo.

Turudi kwenye mwaka wa kuandika. Unaweza kuandika 1921 peke yake. Itawapendeza viongozi na mdhamini atapata picha nzuri na keki, lakini mtoto yeyote mwenye simu atauliza mbona miaka hamsini haina hata matokeo moja. Unaweza kuandika 1993 au 1998 peke yake. Ni salama mbele ya mwanasheria, na itamuumiza mzee ambaye babake alicheza na jezi ya kwanza. Mimi ningeandika "1921, ikaanzishwa upya 1993", na sehemu ndefu kuliko zote ningeipa miaka iliyo katikati. Historia ya klabu kama yenu imo humo: nani alificha kombe, nani alikimbilia Uswidi 1944, uwanja ulipandwa viazi au la, timu ya kiwanda ilivaa rangi gani. Nembo iache kama ilivyo. Nembo ni kumbukumbu, na wenye kumbukumbu ni wao. Wewe unadhibiti maandishi tu, na humo ndimo ukweli utakapokaa.

Kuna mahali ambapo mtandao hautakusaidia na mimi pia sitakusaidia kutoka huku. Machi 1949 watu zaidi ya elfu 20 walichukuliwa majumbani mwao Estonia wakapelekwa Siberia, na kabla yake Juni 1941 wengine kama elfu 10. Ukikuta jina la mchezaji linakoma ghafla katika miaka hiyo, usiiulize familia yake kwa kuandika ujumbe. Nenda na mtu wa klabu anayezungumza Kiestonia na anayefahamika na familia, kaa, kunywa kahawa, na ukiona mazungumzo yamegeuzwa, yaache yageuke. Jambo la pili: ikitokea kundi jingine mjini linadai jina au nembo hiyohiyo, usilitatue kwa aya yako. Hilo ni la viongozi na wakili, na chama cha soka kule Tallinn kiulizwe kwanza.

Lakini kwa mengine yote una bahati ambayo wewe mwenyewe huioni. Makao ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, jengo linaloitwa Noora, yako mtaa wa Nooruse hapo hapo Tartu, na Makumbusho ya Michezo na Olimpiki ya Estonia yako katikati ya mji huohuo. Nenda siku isiyo na mechi. Usiwaambie unatafuta klabu ya mpira, watakutazama kwa huruma wakuonyeshe makabrasha matatu. Waulize faili za "spordiselts", chama cha michezo, za mji wenu, za kabla ya 1940. Katiba ya chama huwa juu, na orodha ya wanachama waanzilishi hufuata, mara nyingi ikiwa na kazi ya kila mmoja. Nitashangaa sana kama hamna fundi humo.